Kabla hujamwita mtu nyapara, jua neno lilikotoka

Siku hizi neno nyapara limekuwa kama chumvi, kila mtu anatia anapotaka. Dada mkubwa akikwambia uoshe vyombo, nyapara. Kepteni wa timu ya mtaa akikuweka benchi, nyapara. Admini wa grupu la WhatsApp akifuta meme yako, huyo naye ati ana unyapara. Juzi steji nimemsikia mama mmoja akimwambia kijana aliyekuwa akipanga abiria kwa kelele, "Wacha unyapara, baba, sote tunaenda Mtwapa!" Watu wakacheka, na kijana mwenyewe akacheka.

Mimi sina shida na hilo. Lugha ni ya wenyewe. Lakini tukimwita nyapara kila mtu anayetupa amri, tunalipoteza neno pekee tulilonalo la kumtaja mtu mmoja hasa. Mtu ambaye vijana wa huku ng'ambo, kuanzia Changamwe, Chaani, Mikindani na Miritini hadi Kisauni na Likoni, hukutana naye getini saa kumi na mbili asubuhi na humo mkononi mwake kuna chakula chao cha siku hiyo.

Hebu tulipime neno. Kiswahili hakina uhaba wa majina ya watu wanaopenda kuwakalia wenzao kichwani. Kuna mbabe, huyo ana misuli yake, au jina lake mtaani. Kuna mwinyi. Neno hilo linatokana na mwenye, na hapa pwani lilikuwa cheo cha wazee na watawala kabla umwinyi haujawa jina la mtu anayekaa kivulini akitaka kutumikiwa. Mwinyi ana ukoo wake. Dikteta ana jeshi. Sasa nyapara ana nini kilicho chake? Hana kitu. Kiwanda si chake, pesa si zake, hata rejista anayoandikia majina ni ya kampuni. Jioni anarudi chumba kimoja Magongo kama wewe, maji ya mtungi kama wewe, na mwisho wa mwezi anamkwepa mwenye nyumba kama wewe. Nguvu zote anazokutesa nazo ni za kuazima.

Huo ndo unyapara. Si kupenda kutawala tu. Ni kuwatawala wenzako, watu wa hali moja na yako, kwa niaba ya mtu ambaye hata hayupo pale.

Neno lenyewe si la pwani. Kuna jamaa maskani anaapa kwamba linatokana na kipara, ati kwa sababu masupavaiza wote wana vipara. Utani mtamu, lakini neno limeshuka kutoka Unyamwezi, kule Tabora. Kwa Wanyamwezi, nyampala alikuwa mzee, mtu mkubwa, mmoja wa wale waliokaa karibu na mtemi na kumshauri. Neno la heshima kabisa! Likaingia kwenye Kiswahili kwa miguu, na nasema miguu kweli, kwenye misafara ya karne ya 19 iliyobeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka Bagamoyo na kurudi na vitambaa na shanga. Mpagazi mmoja alibeba karibu kilo 30 begani, siku baada ya siku, kwa miezi.

Sasa usifikirie wapagazi wale walikuwa kondoo. Wanyamwezi wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi ile kwa ujira. Walikuja kwa makundi, watu wa kijiji kimoja au wa ukoo mmoja, na kila kundi lilikuwa na nyampara wake. Huyo ndiye aliyewakusanya nyumbani, na huyo ndiye aliyejibu kwa wazee wao wasiporudi. Tajiri akitaka kupunguza posho, nyampara ndiye aliyemwendea kumkabili. Wasipoelewana, mizigo iliwekwa chini na msafara ukalala pale pale. Mwingereza Richard Burton alipita njia hiyo kuanzia mwaka 1857, na katika kitabu alichotoa 1860 hakuchoka kulalamika jinsi wapagazi walivyomsumbua. Mimi nikisoma malalamiko ya tajiri namna hiyo huwa nasikia habari nyingine kabisa: kwamba hawa watu walikuwa na mtu wa kuwasemea.

Sitaki kumpaka asali. Kulikuwa pia na wanyapara wa upande wa tajiri, watu wa bunduki na kiboko, wa kuhakikisha hakuna anayetoroka, hasa pale walipobeba watumwa. Kwa hivyo neno lilikuwa na watu wawili ndani yake tangu zamani: mmoja anatumwa na wabebaji kwenda kwa mwenye mali, mwingine anatumwa na mwenye mali kwenda kwa wabebaji. Wote wawili wanaitwa jina moja. Yule wa kwanza amekufa, tumebaki na wa pili.

Alikufaje? Ukoloni ulimuua, na haukuhitaji risasi. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na Changamwe ikawa miongoni mwa sehemu za mwanzo kupitiwa na njia hiyo baada ya kutoka kisiwani. Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, kila genge na jemadari wake. (Jemadari naye ameinuka siku hizi, ni mkuu wa majeshi. Maneno mengine yana bahati.) Baada ya reli kuna mashamba ya walowezi, mkonge na chai, na hapo ndipo nyapara alipopata kazi ya kudumu. Kuanzia karibu mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alitembea na kipande shingoni, na mtu aliyesimama shambani kusema nani amefika na nani hakufika, nani amemaliza ngwe na nani hakumaliza, alikuwa nyapara. Hakuja tena na kundi lake kutoka nyumbani. Alichaguliwa na bwana na alilipwa na bwana. Akiwapendelea wenzake, anarudi kushika jembe. Roho ya mtu haikubadilika. Kilichobadilika ni nani anayemweka pale na nani anayeweza kumtoa.

Hata neno kibarua lina siri yake. Ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili jioni alipwe nacho. Zanzibar na Mombasa za karne ya 19, wengi wa vibarua hao walikuwa watumwa waliokodishwa, na bwana alichukua sehemu ya ujira wao. Utumwa ulifutwa kisheria huku pwani yetu mwaka 1907. Kikaratasi kikabaki. Sasa we kijana unayeletwa kiwandani na ajenti, kampuni inamlipa ajenti na ajenti anakulipa wewe baada ya kukata chake, hebu sema mwenyewe mpango huo unafanana na nini.

Ukitaka kuona neno hili lilivyosafiri, vuka mpaka. Waganda walilichukua na wakalibakiza na ile sauti yake ya zamani: nampala. Kwa Kiganda nampala ni msimamizi wa kazi, na magazeti yao humwita Nampala wa Gavumenti yule mbunge ambaye kazi yake ni kuhakikisha wabunge wa chama wanapiga kura walivyoambiwa. Wallahi sijaona tafsiri nzuri kuliko hiyo. Sisi Kenya tunamwita kiranja, neno linalotoka jandoni, kwa yule kijana aliyetangulia wenzake kutiwa kisu. Waingereza wao wanamwita mjeledi, bila haya. Na magerezani, hasa kule Tanzania, nyapara ni mfungwa aliyepewa mamlaka juu ya wafungwa wenzake. Bado amefungwa, anakula ugali ule ule, ila ana neno la mwisho kuhusu nani analala wapi. Mimi naona hapo ndipo maana ya neno ilipokaa wazi kuliko pote.

Nirudi Changamwe. Nilipoacha chuo, karo ikiwa imetushinda nyumbani, nilifanya vibarua miezi kadhaa kwenye godauni moja ambalo jina lake nitaliacha. Kila asubuhi tulisimama nje labda watu 100, kazi ni ya watu 40. Nyapara anatoka, hasemi habari zenu. Ananyoosha kidole: wewe, wewe, wewe na wewe. Hakuna orodha, hakuna foleni. Aliyefika saa kumi alfajiri kwa miguu kutoka Bangladesh, kile kijiji cha Mikindani, na aliyefika sasa hivi na pikipiki ni sawa. Baada ya wiki mbili nikaelewa kwamba kidole hakikuwa kikitembea ovyo. Kilikuwa na bei. Kwa wanaume ni noti ya 50 au 100 jioni, unamwachia kama "ya soda". Kwa wasichana, ambao wengi walikuwa wa kupanga na kushona magunia, bei haikuwa noti. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema, kwa sababu ukisema kesho kidole kinakuruka, na kesho kutwa, mpaka uelewe mwenyewe.

Na huyu jamaa, nisikilize, hakuwa shetani. Alikuwa na miaka kama 35, mcheshi, shabiki wa Bandari FC, alikuwa akimsomesha mdogo wake. Miaka michache nyuma alisimama nje ya geti lile lile akisubiri kidole cha mtu mwingine. Hata mkataba hakuwa nao. Siku moja aliugua, akakosa siku tatu, aliporudi akakuta kijana mwingine ameshika rejista. Hakuna aliyemsikitikia. Nakumbuka alisimama pamoja nasi mstarini, anatazama chini.

Watu wazima wakisikia hadithi kama hii hukimbilia methali. Maskini akipata matako hulia mbwata. Yaani mtu wa chini akipata kidogo lazima aringe, ndivyo alivyo. Samahani wazee wangu, methali hii naikataa. Inamwangalia maskini tu, haimwangalii aliyempa hayo matako, wala sababu ya kumpa. Mwenye godauni hakuwahi kunitukana hata siku moja. Alipita na gari lake la vioo vyeusi akitupungia mkono. Hakuwa na haja ya kututukana, alikuwa ameajiri mtu wa kazi hiyo. Sisi tukabaki kumchukia nyapara kwa moyo wote, na bosi tukamwona mtu mzuri asiyejua yanayoendelea. Hiyo ndiyo faida kubwa ya nyapara kwa tajiri, kuliko hata kazi anayosimamia.

Tena haihitaji pesa nyingi kumtengeneza. Mwaka 2020 wakati wa korona serikali ilipoanzisha Kazi Mtaani, awamu ya pili mfanyakazi alilipwa shilingi 455 kwa siku na msimamizi shilingi 505. Shilingi 50! Ni sahani ya viazi karai. Kwa sahani ya viazi karai unaweza kuwagawanya vijana wa mtaa mmoja, waliosoma darasa moja, wakawa wa kuandika majina na wa kuandikwa.

Kuna kitu manyapara wengi wanakijua na vibarua wengi hawakijui. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa kila mwisho wa siku na ambaye hachukuliwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Lakini kifungu cha 37 kinaendelea: ukifanya kazi siku zinazofuatana mpaka zikatimia mwezi, au ukapewa kazi ambayo kwa hesabu ya kawaida haiwezi kwisha ndani ya miezi mitatu, wewe si kibarua tena, hata kama wanakuita hivyo. Unahesabiwa mtu wa mwezi, na haki za mtu wa mwezi zinakufuata. Sasa jiulize kwa nini ikifika siku ya 24 au 25 nyapara anakwambia, "Wewe pumzika wiki hii, rudi Jumatatu ijayo." Unadhani anakuonea huruma? Na kifungu cha 6 cha sheria hiyo hiyo kinakataza kabisa kumtaka mfanyakazi kimapenzi ili apate kazi au aendelee nayo, na mwajiri mwenye watu 20 au zaidi anatakiwa awe na sera ya maandishi kuhusu hilo. Ni godauni gani huku kwetu umeona karatasi hiyo imebandikwa ukutani?

Najua utaniambia, "Bro, sheria ni karatasi." Kweli. Lakini Mombasa hii hii imewahi kubadilisha mambo, na si kwa karatasi. Bandarini Kilindini wao walimwita serangi, neno la Kiajemi lililokuja na mabaharia, mkuu wa genge la makuli. Kazi ya siku moja-moja, kuchaguliwa asubuhi, yote hayo walikuwa nayo. Tarehe 13 Januari 1947 watu karibu 15,000 waligoma kwa pamoja, makuli, watu wa reli, wa mahoteli, mpaka wapishi wa majumbani mwa Wazungu. Mji ukalala kwa karibu wiki mbili. Chege Kibachia aliyewaongoza alikamatwa mwaka huo huo akahamishiwa Kabarnet, mbali na bahari. Lakini bandari haikurudi ilivyokuwa. Katika miaka ya 1940 na 1950 vibarua wa bandarini walisajiliwa, kazi ya siku ikapunguzwa, wakawa watu wenye majina na namba na baadaye chama chao. Wakoloni hawakufanya hivyo kwa huruma, walitaka utulivu meli zao zipakuliwe. Sawa tu. Mtu aliye kwenye orodha hahitaji kumnunulia mtu soda.

Ndiyo maana mimi siombi manyapara wawe na roho nzuri. Mwenye roho nzuri atatolewa kesho, aletwe mwingine. Ninachotaka ni kile kidole kinyang'anywe kazi. Orodha ya majina ibandikwe getini, wa leo na wa kesho, kwa zamu, na vibarua wenyewe wawe na nakala kwenye simu zao. Ni kitu cha dakika kumi, WhatsApp ipo, na lile grupu ambalo admini wake mnamwita nyapara linaweza kufanya kazi hiyo. Wenye viwanda watasema haiwezekani kwa sababu kazi hubadilika kila siku. Meli nazo hubadilika kila siku, na bandarini iliwezekana.

Na pale inapowezekana, nyapara achaguliwe na wale anaowasimamia. Si ndoto. Kuna kikundi cha vijana wa plasta ninaowajua Kisauni, watu tisa, wanahama kutoka mjengo hadi mjengo pamoja. Kontrakta hawezi kumtoa mmoja wao, anawachukua wote au anawaacha wote. Mmoja ndiye anayeongea bei, anakagua kazi, na akimkuta mtu amelala nyuma ya saruji anamfokea kweli kweli. Malipo yake ni sawa na ya wenzake, wanamwongezea kredit ya simu tu kwa sababu ndiye anayepiga. Mwaka jana alijaribu kuelewana na kontrakta mmoja pembeni, wenzake wakajua, wakamweka mwingine siku hiyo hiyo. Yeye bado yuko nao, anapiga plasta. Huyu wa sasa wanamwita mzee, ingawa ana miaka 27, na wiki hii wako Mshomoroni wakingoja kontrakta alete pesa za Jumamosi ndipo wapande tena jukwaani.